Volkano haikuchimba mashimo ya Lanzarote

Mvinyo wa Lanzarote huuzwa kwa jina la moto. Zabibu kuu ya kisiwa hicho cha Uhispania, kilichoko Atlantiki kilomita 130 hivi kutoka pwani ya Afrika, inaitwa Malvasía Volcánica, na neno volkano limetapakaa kwenye lebo, kwenye vipeperushi na vinywani mwa waongoza watalii. Mnunuzi huelezwa kwamba milima iliyolipuka karibu miaka 300 iliyopita ndiyo inayotia ladha katika glasi yake. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanampa sifa asiyestahili. Volkano ya Lanzarote iliangamiza mashamba. Walioyarudisha ni watu wenye majembe, vikapu na ngamia, na wanaoyashikilia mpaka leo ni watu vilevile, wachache, na wengi wao umri umekwenda. Suala hili lina uzito kuliko ubishi wa wanywaji, kwa sababu anayepewa sifa ndiye anayelindwa na ndiye anayelipwa. Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, kisiwa kinaitunza milima yake vizuri zaidi kuliko kinavyowatunza wakulima wake.

Tuanze na moto wenyewe. Tarehe 1 Septemba 1730, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, ardhi ilipasuka karibu na kijiji cha Timanfaya. Ndivyo alivyoandika Andrés Lorenzo Curbelo, padri wa parokia ya Yaiza, ambaye kumbukumbu zake ndizo zinazotupa habari za karibu kabisa za siku zile. Milipuko ikaendelea kwa vipindi hadi Aprili 1736. Ilipokoma, takriban robo ya kisiwa ilikuwa imefunikwa na lava na majivu, vijiji vimezikwa, na sehemu kubwa ya mashamba bora ya nafaka imepotea chini ya mawe meusi. Familia nyingi zilikimbilia Gran Canaria. Kwa waliobaki, njaa na kiu ndiyo iliyokuwa sura ya volkano. Wala si ajabu, maana Lanzarote ni kisiwa kikavu hata bila moto. Kilele chake kirefu hakifiki mita 700, kwa hiyo mawingu hupita juu bila kukwama popote, na mvua yake ni milimita 150 hivi kwa mwaka. Dodoma, ambako zabibu za Tanzania hulimwa na ambako sote tunakuita kukame, hupata zaidi ya mara 3 ya kiasi hicho.

Lililofuata ndilo linalostahili kusimuliwa kwa watalii. Wakulima waliona kwamba pale ambapo changarawe nyeusi ya volkano, wenyeji wanaiita rofe, ilianguka kwa kina kidogo, mimea ilistahimili kiangazi kuliko ilivyokuwa kabla ya milipuko. Pale ambapo ilirundikana kwa mita moja, mbili au tatu, walianza kuichimba. Hawakuwa wakitafuta majivu. Walikuwa wakitafuta udongo wao wa zamani uliokuwa umezikwa chini yake. Rofe yenyewe ni vipande vya mwamba vyenye vitundu, haina mboji wala naitrojeni ya kulisha mmea. Mkulima huchimba shimo lenye umbo la faneli mpaka afikie udongo ule, hupanda mzabibu mmoja, pengine miwili, kisha huurudishia tabaka jembamba la rofe juu ya mizizi. Tabaka hilo ni kama kawa juu ya sinia: chakula kiko chini, lenyewe kazi yake ni kufunika. Hupitisha mvua kidogo inayonyesha, hupokea unyevu wa usiku, na huzuia jua lisiurudishe hewani. Ukingoni mwa shimo, upande unaotoka upepo wa kaskazini mashariki, hujengwa ukuta wa mawe wenye umbo la mwezi mchanga, bila saruji wala chokaa. Upepo huo huvuma kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mzabibu usio na ukuta hupukutishwa maua kabla hayajashika tunda. Ngamia, ambao mababu zao waliletwa kutoka pwani ya Afrika karne kadhaa nyuma, ndio waliobeba rofe na kulima mashamba hayo mpaka katikati ya karne ya 20.

Shamba la El Grifo, katika wilaya ya San Bartolomé, lilianzishwa mwaka 1775, miaka 39 tu baada ya moto kuzimika, na ndicho kiwanda cha mvinyo kikongwe kuliko vyote vinavyofanya kazi katika Visiwa vya Canary. Maghala yake ya kwanza yalijengwa kwa mawe ya lava ileile, na leo yamekuwa makumbusho yenye mashinikizo ya mbao, mapipa na vyombo vya vizazi vilivyopita. Nembo yake, mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha ndege na mwili wa simba, ilichorwa na César Manrique, msanii wa kisiwa hicho aliyefariki mwaka 1992. Ukilitazama shamba hili kwa macho ya mhasibu utashangaa limedumuje. Kwenye mashimo, hekta moja ya Lanzarote hubeba mizabibu 300 hivi, mahali ambapo shamba la kawaida la Ulaya hupanda elfu kadhaa. Trekta haliwezi kuingia. Mavuno huanza Julai, mapema kuliko karibu kote Ulaya, na kila kichala hukatwa kwa mkono. Mvunaji huteremka shimoni, changarawe ikiteleza chini ya viatu vyake, huinama, maana mzabibu umetambaa chini kuukimbia upepo, hujaza kreti yake, kisha hupanda nayo ukingoni na kuliendea shimo linalofuata. Baada ya mavuno kunabaki kupogolea, kuinua mawe yaliyoanguka ukutani, na kuzoa rofe ambayo upepo umeirudisha shimoni.

Hapa mpenzi wa mvinyo atanikatiza. Atasema mvinyo wa Malvasía Volcánica una kitu kama chumvi na kama moshi, kitu asichokipata katika mvinyo wa kwingine, na kwamba kitu hicho lazima kitoke ardhini. Sibishi kwamba una ladha yake. Ninachokataa ni maelezo ya chanzo chake. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba madini ya mwamba hayasafiri kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ulimi. Miamba haiyeyuki kwa urahisi na mingi haina ladha. Mzizi hunyonya viini vilivyoyeyuka katika maji, kwa kiasi ambacho mmea wenyewe hukidhibiti, na viini hivyo vinapofika kwenye mvinyo huwa vichache kuliko ulimi unavyoweza kuvitambua. Kwa Lanzarote hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwa kuwa mzabibu unapopandwa, mizizi yake huwekwa katika udongo uliokuwapo kabla ya mwaka 1730. Kinachoieleza ladha hiyo ni kingine: jua kali, maji haba, upepo, zabibu ndogo zenye ganda nene, aina ya zabibu iliyozaliwa visiwani humo kwa Malvasía ya zamani kuchanganyika na zabibu nyingine ya huko, na mtu anayeamua avune leo au asubiri wiki moja, achachushe juisi kwenye baridi ya kiasi gani, aibakishe na utamu au aikaushe.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara. Kama volkano ndiyo ingekuwa fundi, mashamba yote ya volkano yangefanana. Huko Santorini, Ugiriki, wakulima husuka matawi ya mzabibu yakawa kama kikapu kilicholazwa chini, na zabibu huivia ndani yake zikikingwa na upepo na vumbi. Katika kisiwa cha Pico, Azores, walijenga vizimba vidogo vya mawe meusi maelfu kwa maelfu, karibu na bahari, na UNESCO ilipoviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 ilivitambua kama mandhari iliyoumbwa na utamaduni wa watu. Kwenye mteremko wa Etna, Sicilia, wakakata ngazi. Moto ulikuwa kote huko, lakini kila jamii ilikuja na jibu lake, na mvinyo unaotoka ni jibu hilo. Inasikitisha kuona werevu wa aina hii, uliopatikana kwa vizazi vya kujaribu na kukosea, ukifupishwa kuwa sifa ya jiwe.

Kwa nini niling'ang'anie jambo hili? Kwa sababu mandhari ya mashimo, hasa bonde la La Geria, imekuwa mali ya biashara kubwa kuliko mvinyo. Lanzarote hupokea wageni takriban milioni 3 kwa mwaka. Wengi wao hupita barabara ya La Geria, husimama, hupiga picha za mashimo meusi yenye kitone cha kijani katikati, kisha huendelea na safari. Mwenye hoteli anafaidika na picha hiyo, mwenye magari ya kukodisha anafaidika, mwenye mgahawa anafaidika. Mkulima hulipwa kwa kilo ya zabibu. Mwaka wa mvua nzuri kilo hupatikana. Mwaka wa ukame zinapungua sana, ilhali ukuta ni uleule, shimo ni lilelile, na siku za kazi hazikupungua hata moja. Shimo likiachwa miaka michache, upepo hulijaza na ukuta huinama. Hapo hakuna kiwanda cha kulifufua. Linahitaji mgongo wa mtu, na kijana wa Lanzarote anaweza kupata mshahara wa uhakika hotelini bila kuinama. Tukiamini kwamba volkano ndiyo iliyotengeneza mandhari hii, tutaridhika kwamba ipo na itakuwepo, kama milima ilivyo. Tukikiri kwamba ni kazi ya mikono inayofanywa upya kila mwaka, itatubidi tuulize nani anailipia.

Mchumi atajibu kwamba soko limekwisha kulipa. Ni kweli kwamba zabibu za Lanzarote zina bei ya juu, mara kadhaa ya zile zinazovunwa kwenye nyanda pana za Castilla-La Mancha, na kwamba Umoja wa Ulaya, kupitia mpango wake wa POSEI kwa maeneo ya mbali, huwasaidia wakulima wa Canary kwa hekta. Lakini bei ya kilo haisemi lolote mpaka ujue kilo ngapi zinatoka na saa ngapi zimetumika, na hekta yenye mashimo 300 yaliyochimbwa kwa mkono haiwezi kulinganishwa na hekta iliyonyooshwa kwa mashine. Mtu wa soko atasema basi mashimo yafe, ibaki mitaro ambayo kifaa kidogo kinaweza kupita, au mvinyo uletwe kutoka bara na watalii wapate wanachokunywa. Jibu langu ni kwamba soko analolitaja halijauza kitu chote kilichopo. Mgeni ananunua chupa. Mandhari anaichukua bure. Wakati huohuo, ili aione milima ya volkano ya Timanfaya, mgeni hukata tiketi. Baraza la kisiwa ndilo linaloendesha kituo hicho cha utalii, na mapato yake ni ya umma. Watu wanalipa kuutazama moto uliofukuza wakulima, na hawaombwi chochote wanapotazama kazi iliyowarudisha. Sehemu ya kila tiketi, iliyotajwa wazi na inayohesabika, ingeweza kulipa kwa shimo linalotunzwa na kwa mita ya ukuta iliyosimama, iwe mwaka huo mvua imenyesha au haikunyesha. Kipimo hicho kinakagulika kwa macho, na kinamfikia hata mwenye mashimo 50 tu, ambaye hana chapa wala duka.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu linatoka upande mwingine. Wapo wanaosema kwamba anayesifu kazi ya mashimo hajawahi kuifanya, na kwamba urithi usiwe kisingizio cha kuwafunga watoto wa wakulima kwenye kazi ya kuvunja mgongo. Hoja hiyo ina haki. Historia ya mashamba haya haikuwa ya usawa: wengi waliochimba hawakumiliki walichochimba, walilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, na majina yaliyobaki kwenye nyaraka na milangoni ni ya wenye ardhi. Kwa hiyo sidai kila shimo libaki, wala simlaumu mkulima anayehamia kwenye mitaro au anayevuta bomba la matone. Kisiwa kimekuwa kikiondoa chumvi kwenye maji ya bahari tangu miaka ya 1960, na maji hayo yamewaokoa wengi, ingawa yanagharimu umeme na fedha, na yakizoeleka yatamaliza sababu ya rofe kuwepo shambani. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa kuacha au kuendelea usifanywe na umaskini. Mtu akiacha shimo kwa kuwa amepata maisha anayoyapenda zaidi, ni uhuru wake. Akiliacha kwa kuwa wanaofaidika na jasho lake hawakumlipa, hapo pana dhuluma, na kumwita shujaa wa urithi hakuiondoi.

Msomaji ambaye dini yake inamkataza pombe anaweza kuona mjadala huu haumhusu, na msimamo wake juu ya kinywaji nauheshimu bila masharti. Lakini jambo linalobishaniwa hapa ni ardhi na wanaoitengeneza, na hilo liko karibu nasi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, mteremkoni mwa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Mwaka 2025 liliutambua ule wa Lanzarote katika orodha hiyohiyo. Mifumo miwili, mmoja wa migomba na kahawa kwenye mvua, mwingine wa mizabibu kwenye ukame, yote juu ya volkano. Kahawa ya Kilimanjaro nayo huuzwa kwa sifa ya udongo wa volkano, na udongo ule kweli ni mzuri kuliko rofe ya Lanzarote. Hata hivyo Kibo, kilele cha mlima huo, haikuchimba mifongo, yaani mifereji ya maji. Wachagga ndio waliopima mteremko kwa macho, wakayatoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi shambani, wakawekeana zamu za kufungulia na siku za kwenda kuzibua. Mfuko wa kahawa wenye picha ya theluji hausemi neno juu ya kazi hiyo, na mkulima wa kihamba hulipwa kwa kilo, sawasawa na mwenzake wa La Geria.

Limebaki jambo moja ambalo wapenzi wa volkano hulitaja kama turufu yao. Mwishoni mwa karne ya 19, filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayekula mizizi ya mizabibu, aliangamiza mashamba ya Ulaya, na tangu hapo karibu mizabibu yote ya bara hilo hubebeshwa juu ya mashina yenye asili ya Amerika yanayomhimili. Lanzarote haikufikiwa. Mizabibu yake, ikiwemo ile mikongwe ya El Grifo, imesimama kwa mizizi yake yenyewe, na watu wamezoea kusema kwamba majivu ndiyo yaliyomzuia mdudu. Mchanga na changarawe huweza kumtatiza, hilo linajulikana. Lakini mwaka 2025 filoksera iligunduliwa Tenerife, kisiwa cha volkano kama Lanzarote, katika visiwa hivyohivyo. Kumbe kinga ya miaka yote ile ilikuwa bahari, pamoja na sheria inayokataza kuingiza miche ya mizabibu kutoka nje, na wakaguzi waliokuwa wakiisimamia bandarini. Kati ya Tenerife na Lanzarote kuna meli na ndege kila siku. Mdudu anaweza kusafiri kwenye tope la kiatu, kwenye kreti ya mavuno iliyoazimwa, kwenye mkasi wa kupogolea, kwenye kijiti ambacho mtu amekipenda akakitia mfukoni. Kuviosha vitu hivyo, kuwafunza wavunaji wa msimu namna ya kutambua majani yenye vinundu, kukagua mizigo, na kumlipa fidia haraka mkulima atakayetoa taarifa ili asishawishike kuficha, ni gharama zinazotakiwa kutengewa fedha kabla ya mavuno ya Julai inayokuja.